Jinsi ya Kuandaa Njia na Huduma za Wageni Katika Maeneo ya Mashambani

Kamati nyingi zinazotaka kufungua eneo la mashambani kwa wageni huanza na jengo: ukumbi wa maelezo, mgahawa, au mnara wa kutazamia mandhari. Ushauri wa mwongozo huu ni kuanza na miguu ya mgeni, tangu anaposhuka kwenye gari hadi anapokusudia kufika, na kurudi. Safari hiyo nzima ni kitu kimoja, na ubora wake hupimwa kwa kipande chake kigumu kuliko vyote. Njia ya kilomita tatu iliyosawazishwa vizuri, kisha ikaishia kwenye lango jembamba lenye ngazi, ni njia ya wale tu wanaoweza kupanda ngazi, hata kama fedha nyingi zilitumika kuzitengeneza kilomita hizo tatu. Yanayofuata yamekusudiwa wale wanaopanga na kusimamia: halmashauri, wenye mashamba, wasimamizi wa misitu na vikundi vya kujitolea.

Haki ya kupita na makubaliano

Ujenzi usianze kabla haijajulikana mgeni atapita juu ya ardhi ya nani na kwa haki gani, kwa kuwa sheria za nchi hutofautiana sana katika jambo hili. Norwei ilipitisha mwaka 1957 sheria inayomruhusu kila mtu kutembea kwa miguu katika ardhi isiyolimwa, hata ikiwa ni mali ya mtu binafsi, ingawa mwenye hema haruhusiwi kulipiga ndani ya mita 150 kutoka kwenye nyumba inayokaliwa. Uingereza na Welisi, kwa sheria ya mwaka 2000, zilifungua kwa watembea kwa miguu milima, nyika na ardhi za pamoja zilizoainishwa kwenye ramani. Uskoti ilikwenda mbali zaidi mwaka 2003, ikaruhusu pia baiskeli na farasi katika sehemu kubwa ya ardhi yake, mradi mpitaji aitumie haki hiyo kwa uangalifu, asiingie kwenye bustani za nyumba za watu wala asikanyage mazao. Kwingineko hakuna haki pana ya namna hiyo, na kutoka nje ya barabara ya umma huhitaji ridhaa ya mwenye ardhi au ya mamlaka inayoisimamia.

Palipohitajika ridhaa, iandikwe. Makubaliano yataje njia yenyewe kwa ramani na si kwa maelezo ya mdomo, wanaoruhusiwa kupita (wenye miguu tu, au pia wenye baiskeli, farasi na mbwa), miezi ambayo njia hufungwa kwa sababu ya mavuno au mifugo inayozaa, atakayegharimia uzio ukivunjika, atakayewajibika mgeni akiumia, muda wa makubaliano, na namna kila upande unavyoweza kujitoa. Kifungu hiki cha mwisho husahaulika mara nyingi, ilhali ndicho kinachompa mwenye ardhi ujasiri wa kukubali.

Hata pale ambapo sheria iko upande wa mpitaji, mkulima na mfugaji waulizwe kabla mstari haujachorwa. Wao ndio wanaojua maji hupita wapi mvua ikinyesha, ng'ombe wenye ndama wadogo hulishwa wapi, trekta hugeukia wapi, na ni sehemu gani hunyunyiziwa dawa. Kuisogeza njia mita hamsini kandokando ya shamba kwa ushauri wa namna hiyo huondoa ugomvi ambao vibao kumi vya onyo visingeuondoa.

Kuipima njia kabla ya kuijenga

Itembeeni njia yote mkiwa na tepu ya kupimia, tena baada ya mvua kubwa, kwa sababu njia iliyokauka huficha karibu kila kasoro yake. Andikeni upana wa mahali pembamba kuliko pote, mwinuko wa mahali pakali kuliko pote, mahali ambapo ardhi ni laini, kila lango, kila ngazi na kila kivuko. Kisha itembeeni mara ya pili pamoja na watu watakaoitumia: mtu anayetumia kiti cha magurudumu, mtu asiyeona anayetembea na fimbo nyeupe, mzee anayehitaji kupumzika, mzazi anayesukuma kigari cha mtoto. Hawa wasiletwe siku ya uzinduzi kupigwa picha. Waitwe sasa, wakati penseli bado inaweza kufuta. Mtu anayesukuma magurudumu kila siku ataona kizingiti cha sentimita tano ambacho mhandisi amekivuka mara nyingi bila kukitambua.

Katika karatasi ya upimaji, tafuteni kizuizi kimoja ambacho kikiondolewa kitafungua kipande kirefu zaidi cha njia, na bajeti ianzie hapo. Mara nyingi kizuizi hicho ni kitu kidogo, kama jiwe kwenye mlango wa maegesho, au daraja la magogo lisilo na pa kushikilia.

Maji, mwinuko na kifusi

Miguu ya watu huichosha njia, lakini maji ndiyo huimaliza. Njia inayopanda kilima moja kwa moja hugeuka mfereji, na kila mvua huuchimba zaidi. Wajenzi wa njia hufuata kanuni kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe: kilima kinachopanda mita 20 kwa kila mita 100 za mlalo, yaani asilimia 20, kibebe njia isiyozidi asilimia 10. Ukizidi hapo, maji hayaikati tena njia na kuendelea kushuka kilimani, bali huifuata njia yenyewe, yakichukua udongo wake. Kwa hiyo njia nzuri hukizunguka kilima kwa upole, na upande wake wa bondeni huinamishwa kidogo ili maji yateleze nje. Vilevile, kila baada ya umbali fulani, njia inayoshuka hupandishwa kwa hatua chache kabla ya kuendelea kushuka, ili maji yanayokusanyika kwenye kibonde hicho yatoke pembeni. Mtembeaji haoni chochote, na hilo ndilo kusudi, maana mifereji ya mbao na mawe iliyokatisha njia huziba haraka na huwakwaza watu.

Hapa pana mgongano ambao lazima ufikiriwe mapema. Mwinamo wa kando wa asilimia 5 ni mzuri kwa kutoa maji, lakini humchosha sana mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu, kwa sababu kiti huvutwa muda wote kuelekea bondeni naye hulazimika kusukuma zaidi gurudumu la upande huo ili kunyoosha mwendo. Kwenye njia inayokusudiwa magurudumu, mwinamo wa kando ubaki karibu na asilimia 2, na kazi ya kutoa maji iachiwe vile vibonde vya mara kwa mara na mtaro wa upande wa kilima. Mwinuko wa mbele nao uwe asilimia 5 au chini ya hapo kila inapowezekana. Mahali pafupi panapolazimu ukali zaidi, usizidi uwiano wa 1 kwa 12, na pawe na pumziko tambarare lenye urefu wa mita 1.5 kila baada ya mita tisa hivi. Upana wa mita 1.2 humtosha mtu mmoja kwenda kwa raha, lakini pawe na sehemu pana za kupishana.

Tazameni pia kifusi chenyewe kinachomwagwa. Kokoto za mtoni, zile za mviringo na laini, huvutia macho lakini hubingirika chini ya kiatu na kumeza magurudumu ya mbele ya kiti. Mawe yaliyopondwa, yenye kona kali, yakichanganywa na vumbi lake la mawe, yakanyeshewa na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, hushikana hadi kufanya uso mgumu unaopitisha magurudumu bila kelele. Ukichukua kiganja cha kila aina na kukifumba, utahisi tofauti mara moja: za kwanza hupenya kati ya vidole, za pili hukwama.

Mahali penye matope, watembeaji hukwepa pembeni na njia hutanuka mwaka hadi mwaka. Watafiti wa athari za wageni wameonyesha kwamba uharibifu mkubwa wa mimea hutokea katika mikanyago ya mwanzo, na mikanyago inayofuata huongeza uharibifu kidogo kidogo tu. Maana yake kwa msimamizi ni kwamba njia iliyokwisha kutumika iimarishwe na watu waendelee kupita papo hapo, badala ya kufungua ya pili ili ya kwanza ipumzike. Mkifungua ya pili mtakuwa na majeraha mawili.

Malango na uzio

Kiwango cha Uingereza kiitwacho BS 5709, kinachohusu mianya, malango na ngazi za kuvukia uzio, hufuata mpangilio ambao ungefaa popote: chagueni mwanya mtupu kwanza; ikiwa kuna mifugo ya kuzuiwa, wekeni lango; ngazi iwe jambo la mwisho kabisa. Swali la kuuliza ni je, uzio huu bado unazuia mnyama yeyote? Mara nyingi shamba limebadilika, mifugo imeondoka, na lango limebaki kwa mazoea tu.

Lango likihitajika, lijifunge lenyewe kwa uzito wake au kwa bawaba iliyoinamishwa, komeo lake lifikiwe na mtu aliyeketi na liweze kufunguliwa kwa mkono mmoja usio na nguvu, na mbele na nyuma yake pawe tambarare. Upande wa komeo paachwe nafasi ya kiti kusimama wakati lango linafunguka kuelekea kwa mtu. Bila nafasi hiyo mtu hulivuta lango likamgonga magotini na hana pa kurudi. Seng'enge isiwekwe upande wa mpitaji wala karibu na komeo. Ikiwa haina budi kuwepo, ifunikwe kwa ubao katika sehemu ambayo mtu angeshika.

Vyoo mbali na bomba la maji

Hakuna huduma inayoamua ni nani atakuja na atakaa kwa muda gani kama choo. Wazee, watoto, wajawazito na watu wenye magonjwa ya tumbo au kibofu hupanga matembezi yao kwa kuhesabu umbali kati ya choo na choo, na palipokosekana hubaki nyumbani. Kwa hiyo choo kitangulie jengo lolote lingine, na mahali pake patajwe katika kila ramani, pamoja na saa zake ikiwa hufungwa.

Pasipokuwa na maji ya bomba, choo cha shimo chenye bomba la hewa, kilichoendelezwa Zimbabwe katika miaka ya 1970, kinaweza kuwa safi na bila harufu kikijengwa kwa kuelewa kinavyofanya kazi. Upepo unaopita juu ya mdomo wa bomba huvuta hewa kutoka shimoni, na hewa mpya huingia kupitia mlangoni na kushuka kwenye tundu. Hivyo harufu hupanda na kutoka juu badala ya kubaki chumbani. Ndani ya chumba hufanywa giza kiasi, kwa sababu nzi waliozaliwa shimoni hufuata mwanga, na mwanga mkali wanaouona ni ule wa juu ya bomba, ambako wavu huwazuia hadi wafe. Basi bomba liwe na kipenyo cha kama sentimita 15, lisimame wima bila kona na lipite paa kwa nusu mita. Wavu uwe wa chuma kisichoshika kutu, na uwazi wa kuingizia hewa uelekezwe upepo unakotoka. Watu wenye nia njema huharibu mpangilio huu kwa kuweka dirisha kubwa, au kwa kufunika tundu kwa kifuniko kinachoziba kabisa, kisha wanashangaa harufu imetoka wapi. Shimo likae mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima au chemchemi, upande wa chini yake, na kitako chake kisifikie maji ya ardhini hata katika msimu wa mvua.

Chumba kimoja angalau kimruhusu mtu kugeuza kiti cha magurudumu, yaani kiwe na duara tupu la sentimita 150, mlango wa upana wa sentimita 90 unaofunguka nje, reli za kushikilia pande zote mbili za kikalio, na ndoo yenye kifuniko. Maji na sabuni viwepo, na mtu wa kuvijaza ajulikane kwa jina lake katika orodha ya zamu.

Kwa matembezi marefu ambako choo hakiwezekani, semeni wazi katika maelezo yenu kwamba mtu ajisaidie umbali wa mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji na njia, achimbe shimo la sentimita 15 hadi 20, alifukie, na karatasi aondoke nayo. Watu wazima huyapokea maneno ya wazi kuhusu jambo hili vizuri kuliko wasimamizi wanavyohofia.

Kuhusu mapipa ya taka: msiweke pipa ambalo hamwezi kulimwaga. Pipa lililofurika huita taka nyingine na wanyama. Mahali pa mbali ni afadhali pasiwe na pipa lolote, na mgeni aambiwe tangu mwanzo kwamba atarudi na taka zake.

Maegesho yahesabiwe kwa siku ya kawaida yenye wageni wengi, si kwa sikukuu moja ya mwaka. Nafasi moja au mbili za upana wa mita 3.6 ziwe karibu kabisa na mwanzo wa njia, juu ya ardhi ngumu, na lango la shamba liwekewe alama ya kutokuegesha, kwa maana trekta, au gari la wagonjwa, litahitaji kupita. Kituo cha basi kilicho karibu nacho kitajwe, pamoja na hali ya njia ya kutoka hapo.

Maelezo yanayomwezesha mtu kuamua mwenyewe

Njia nyingi zingetumiwa na watu wengi zaidi bila kuongezwa hata jiwe moja, laiti maelezo yake yangekuwa ya kweli na kamili. Mtu anayetembea kwa magongo hasaidiwi na kibao kinachosema njia ni rahisi, wala hazuiwi kwa haki na kinachosema ni ngumu. Anachohitaji ni urefu wa njia, upana wa mahali pembamba kuliko pote, mwinuko mkali kuliko wote na urefu wa sehemu hiyo, aina ya uso wake mvua ikiwa imenyesha, idadi ya malango na ngazi, umbali kati ya viti, na mahali ambapo mtu anaweza kugeuza na kurudi. Wekeni na picha ya kile kipande kigumu kuliko vyote. Picha za machweo zinazojaa kwenye vipeperushi hazimsaidii yeyote kupanga siku yake, lakini picha ya kivuko chenye mawe humwambia kila mtu kama atakivuka.

Haya yote yapatikane kwenye intaneti kabla ya safari, na yarudiwe kwenye ubao mwanzoni mwa njia, kwa herufi kubwa zenye rangi inayoachana sana na mandharinyuma yake, katika kimo ambacho mtu aliyeketi anaweza kusoma.

Muda ni msaada mkubwa kuliko umbali peke yake. Nchini Uswisi vibao vya manjano vya njia za miguu huandikwa saa na dakika za kufika. Kwa kukadiria, bado inatumika kanuni ya William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, ya mwaka 1892: kilomita tano kwa saa, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 inayopanda mita 600 itachukua saa tatu kwa kanuni hiyo, lakini huo ni mwendo wa mtu mwenye afya njema asiyepumzika. Familia yenye watoto huhitaji muda mrefu zaidi, na maelezo yenu yaseme hivyo.

Alama za njiani ziwekwe kila penye njiapanda, na nyingine hatua chache baada yake, ili mtu ahakikishiwe kwamba amechagua sawasawa. Aliyeziweka arudi kwa njia hiyohiyo akitokea upande wa pili, kwa kuwa alama inayoonekana vizuri ukipanda hufichwa na mti ukishuka. Kila nguzo ipewe namba, na orodha ya namba hizo pamoja na majira ya nukta zake, yaani tarakimu zinazoonyesha mahali kila nguzo ilipo kwenye ramani, ipelekwe kwa waokoaji wa eneo hilo. Aliyevunjika mguu ataweza kusoma namba kwa simu hata kama hajui yuko wapi. Palipo na sehemu zisizo na mtandao wa simu, ubao wa mwanzo useme. Ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, hutumiwa na programu nyingi za matembezi, nayo huhaririwa na yeyote. Ikaguliwe mara kwa mara, kwa kuwa kosa lililomo humpeleka mgeni uani kwa mtu hata kama vibao vyenu ni sahihi.

Mifugo na mbwa

Ng'ombe wenye ndama hushambulia zaidi wanapoona mbwa kuliko wanapoona mtu peke yake. Maelezo yawaombe wenye mbwa wawafunge kamba, walizunguke kundi kwa mbali, na, ng'ombe wakikimbilia kwao, waiachie kamba ili mbwa ajiokoe na wao waondoke salama. Waelezwe pia kwa nini kinyesi cha mbwa kiokotwe malishoni: huweza kubeba vijidudu vya Neospora, ambavyo husababisha ng'ombe kuharibu mimba. Mtu aliyeelezwa sababu hutii kuliko aliyeonyeshwa mchoro wa mbwa uliokatwa kwa mstari mwekundu. Lango nalo mpitaji aliache kama alivyolikuta, isipokuwa limeandikwa vinginevyo, kwa sababu lililo wazi huenda limeachwa ili mifugo ifikie maji.

Matunzo na kufunga njia

Kabla ya kupitisha mpango wowote, andikeni ni nani atakayekuwa akifyeka, akizibua mitaro na kukaza bawaba katika mwaka wa tatu, baada ya shauku ya ufunguzi kupoa, na fedha zake zitatoka wapi. Ikiwa jibu halipo, punguzeni mradi mpaka lipatikane. Ukaguzi mmoja kabla ya msimu wa mvua na mwingine baada yake hutosha kwa njia nyingi, mradi mkaguzi awe na karatasi ileile ya upimaji wa mwanzo, ili aone lango lililokuwa likifunguka kwa mkono mmoja sasa linahitaji bega.

Inapolazimu kufunga njia kwa sababu ya maporomoko, mafuriko au kukata miti, tangazo liwekwe penye maegesho na kwenye intaneti, si mbele ya kizuizi chenyewe, ambako mtu amekwisha kutembea saa nzima. Litaje sababu, tarehe, na njia mbadala pamoja na hali yake, maana njia mbadala yenye ngazi ni sawa na kutokuwa na njia kwa baadhi ya wageni. Njia ikifunguliwa, tangazo liondolewe siku hiyohiyo, kwa sababu tangazo lililopitwa na wakati huwafundisha watu kulipuuza litakalofuata.